Pa, Ku, Mu: Kwa Nini Kielekezi cha Gari Hupoteza Watu

1. Utangulizi

Siku moja ya majira ya mvua, mwandishi wa makala haya alikuwa akienda kilioni, katika mtaa wa pembezoni mwa Lubumbashi, kwa mwenzake wa kazi aliyefiwa na mama. Alikuwa ametumiwa mahali pa nyumba kwa njia ya simu, kama alama ndogo juu ya ramani. Simu ikamwongoza barabara kwa barabara, kisha ikatangaza kwamba amefika. Mbele yake palikuwa na ukuta mrefu wa matofali usio na mlango. Nyuma ya ukuta zilisikika sauti za waombolezaji. Kijana mmoja aliyekuwa akipita akamwambia: «Baba, huku ni nyuma tu. Mulango iko ngambo ingine.» Ili kufika ng'ambo hiyo ilimpasa kurudi alikotoka, kutafuta daraja la mfereji na kuzunguka mtaa mzima. Alipoingia uani, gari lililochukua maiti lilikuwa limekwisha kuondoka kwenda makaburini.

Tukisema haki, kifaa hakikusema uongo. Kati ya gari na wafiwa hapakuwa na umbali wa mita kumi. Hata hivyo msafiri hakuwa amefika. Makala haya yanakusudia kueleza kosa la namna hiyo linatoka wapi, na kwa nini lina maana kwa wanafunzi wa lugha si chini ya mafundi wa mitambo.

Kifaa chenyewe, kiwe kimefungwa ndani ya gari au ni programu iliyo ndani ya simu, hapa tutakiita kielekezi. Maelezo yetu tutayapanga kwa kufuata ngeli tatu za mahali ambazo kila msomaji wa taarifa hii anazifahamu. Pa ni mahali dhahiri panapoweza kuonyeshwa kwa kidole. Ku ni upande au eneo, huko ambako mtu anaelekea. Mu ni ndani. Kiswahili sanifu huonyesha tofauti hizi katika upatanisho: sokoni pana watu, sokoni kuna watu, sokoni mna watu. Kiswahili cha Lubumbashi huzitanguliza mbele ya jina lenyewe: pa mulango, ku soko, mu nyumba. Katika namna zote mbili, msemaji hawezi kutaja mahali bila kuchagua ni mahali pa aina gani. Kielekezi hakina uchaguzi huo. Kinajua pa peke yake, na mengi yanayowaudhi wenye magari yanatoka hapo.

2. Pa: jinsi kifaa kinavyojua mahali

Mfumo wa Wamarekani uitwao GPS ulianza na setilaiti ya kwanza iliyorushwa mwaka 1978, ukatangazwa kuwa umekamilika mwaka 1995. Setilaiti zake huzunguka dunia kwa kimo cha kilomita 20,200 hivi, na kila moja hutangaza bila kukoma mambo mawili: mahali ilipo na saa iliyo nayo. Kielekezi hakipeleki chochote angani, kinasikiliza tu. Hupima muda ambao tangazo limetumia njiani, na kwa kuwa mawimbi ya redio hukimbia karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, muda huo hugeuzwa kuwa umbali. Kwa umbali wa setilaiti tatu ingewezekana kupata mahali. Ya nne inahitajiwa kwa sababu saa ya kielekezi ni saa duni, nayo ni lazima isahihishwe.

Usahihi wa saa ndio moyo wa jambo zima. Kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde ni kosa la mita 300 ardhini. Hata tofauti zilizoelezwa na Einstein zinahesabiwa humo. Kule juu saa hutangulia zile za ardhini kwa karibu sehemu 38 za milioni ya sekunde kila siku, na tofauti hiyo isingesahihishwa, kosa la mahali lingeongezeka kwa kiasi cha kilomita kumi kwa siku.

Hadi mwaka 2000 jeshi la Marekani lilikuwa likiharibu kwa makusudi usahihi wa matangazo kwa watu wa kawaida, hata kosa likaweza kufika mita 100. Uharibifu huo ulikomeshwa mwezi wa Mei mwaka huo, na tangu hapo vielekezi vya gari vikaenea haraka. Siku hizi simu ya kawaida, mahali pasipo na kizuizi, hukosea kwa mita tano hivi. Warusi, Wachina na nchi za Umoja wa Ulaya nao wana mifumo yao, na simu nyingi husikiliza zaidi ya mmoja kwa pamoja.

Mita tano ni usahihi mkubwa, lakini hautoshi kila mara. Barabara kuu na njia ndogo inayokwenda sambamba nayo zinaweza kutengana kwa mita chache tu. Katikati ya majengo marefu tangazo hugonga ukuta kwanza kabla ya kufika, likaonekana kana kwamba limetoka mbali zaidi. Ili kufidia upungufu huo, kielekezi huchukua mahali kilipojipima na kupavuta hadi kwenye barabara iliyo karibu zaidi ndani ya ramani yake. Ndiyo maana mara nyingine dereva aliye juu ya daraja huambiwa apinde katika barabara iliyo chini ya daraja.

Kuna upungufu mwingine ambao wengi hawaujui. Kipimo cha setilaiti huonyesha mahali ulipo. Hakionyeshi unatazama wapi. Gari likiwa limesimama, kielekezi hutegemea dira ndogo ya simu, ambayo huvurugwa kwa urahisi na chuma cha gari. Kwa hiyo amri ya kwanza ya safari mara nyingi huwa: «Elekea kaskazini.» Msafiri aliyetoka kituoni usiku, katika mji asioujua, atajuaje kaskazini ni wapi? Inambidi aanze kwenda upande wowote, ili kifaa kilinganishe pa mbili, ile ya mwanzo na ile ya sasa, ndipo kigundue kwamba amekosea.

3. Jina kabla ya mahali

Kabla ya kwenda popote ni lazima msafiri ataje anakokwenda. Hapa kielekezi huacha elimu ya nyota na kuingia katika elimu ya lugha, ambako hakina saa ya kukisahihisha.

Mwaka 2009 mume na mke kutoka Sweden walikuwa wakitalii Italia, wakataka kwenda Capri, kisiwa cha kusini kinachosifika kwa pango lake la maji ya buluu. Walipoandika jina, herufi mbili zilibadilishana nafasi. Kielekezi kikawapeleka Carpi, mji wa viwanda wa kaskazini, ulio mbali na Capri kwa kiasi cha kilomita 650. Walipofika waliingia katika ofisi ya watalii kuuliza pango liko wapi. Hawakuwa wamejiuliza imekuwaje wafike kisiwani bila kupanda chombo wala kuvuka daraja.

Mwezi wa Februari mwaka 2016, msafiri Mmarekani alitua katika uwanja wa ndege wa Keflavík, huko Iceland. Hoteli yake ilikuwa Reykjavík, katika barabara iitwayo Laugavegur, mwendo wa chini ya saa moja. Hati aliyopewa ilikuwa na herufi moja zaidi: Laugarvegur. Barabara yenye jina hilo ipo kweli, lakini katika mji wa Siglufjörður, kaskazini kabisa mwa nchi. Aliendesha gari juu ya barafu kwa zaidi ya saa tano, kwa sababu ya r moja.

Mfano wa tatu ni mzito zaidi, nao unagusa moja kwa moja tofauti ya pa na ku. Mwezi wa Desemba mwaka 2012, polisi wa jimbo la Victoria, nchini Australia, walionya madereva wasitegemee ramani fulani ya simu wanapokwenda mji wa Mildura. Ramani hiyo ilikuwa ikiwapeleka katikati ya hifadhi ya Murray-Sunset, karibu kilomita 70 kutoka mjini, mahali pasipo na maji, ambapo joto huweza kufika nyuzi 46. Baadhi yao walikaa huko hadi saa 24 kabla ya kutoka. Asili ya kosa ilikuwa orodha ya majina: Mildura ni jina la mji, na pia ni sehemu ya jina la wilaya kubwa inayouzunguka. Wilaya ni ku. Lakini kwa kuwa orodha inadai kila jina liwe na nukta moja, wilaya nzima iliwekewa nukta karibu na kitovu chake, na kitovu hicho kiko porini. Watu walipelekwa kwa uaminifu kabisa kwenye pa ya kitu ambacho hakina pa.

Hatuhitaji kwenda Australia kuona hatari ya namna hiyo. Mojawapo ya komini za Lubumbashi inaitwa Kenya. Mwenyeji akisema anakwenda Kenya, hakuna anayedhani kwamba anaelekea Nairobi, muktadha unatosha. Mashine haina muktadha ila ule uliotiwa ndani yake. Komini nyingine huandikwa Ruashi na wengine huandika Rwashi. Kwa msomaji ni jina lile lile, kwa mashine ni nyuzi mbili za herufi. Tahajia, ambayo wanafunzi wetu hulalamika kwamba ni somo kavu, inaweza kuwa tofauti kati ya kufika na kutofika.

4. Ku: njia na hali yake

Baada ya kupata mwanzo na mwisho, kielekezi huchagua njia. Msingi wa hesabu hiyo uliwekwa na mwanahisabati Mholanzi, Edsger Dijkstra, aliyechapisha mwaka 1959 mbinu ya kutafuta njia fupi kati ya vituo vingi. Mfano wake wa awali ulikuwa safari ya kutoka Rotterdam hadi Groningen. Njia panda zote hufanywa mafundo, barabara hufanywa nyuzi, na kila uzi hupewa gharama. Kisha mashine hutafuta mfululizo wenye gharama ndogo kuliko yote. Hesabu haikosei. Swali ni gharama zenyewe zimetoka wapi.

Kwa kawaida kila barabara hupangiwa daraja, na kila daraja hudhaniwa kuwa na mwendo wake. Penye simu nyingi barabarani, dhana hiyo husahihishwa kwa kutazama simu hizo zinakwenda kasi gani. Pasipo na simu nyingi, dhana hubaki dhana. Tuchukue Barabara ya Taifa namba 1 ya nchi yetu, itokayo Banana baharini, ikapita Kinshasa, Kananga na Mbuji-Mayi, ikafika Lubumbashi na kuishia mpakani Kasumbalesa. Juu ya ramani ni mstari mmoja wa rangi moja. Msafiri anajua kwamba mstari huo una vipande vya lami na vipande vya mchanga, na kwamba kipande kilichopitika Agosti huenda kisipitike Februari. Dereva wa lori atauliza: «Huko kunapitika?» Kiambishi ku- katika swali hilo kimebeba mvua, mashimo, vizuizi na siku za kungoja. Mashine hujibu kwa kilomita.

Nchi tajiri nazo hazikusalimika. Mwezi wa Juni mwaka 2019, ajali ilifunga barabara iendayo uwanja wa ndege wa Denver, Marekani. Kielekezi kikawaonyesha madereva njia ya mchepuko iliyo fupi. Ilikuwa njia ya udongo, mvua ilikuwa imenyesha, na karibu magari mia moja yakakwama katika tope, kila mmoja akimfuata aliyetangulia kwa kuamini kwamba anaijua njia. Na mwezi wa Machi mwaka 2012, wanafunzi watatu Wajapani waliokuwa karibu na Brisbane, Australia, walijaribu kuendesha gari hadi kisiwa cha North Stradbroke wakati maji yamekupwa, kwa sababu kielekezi kiliwaonyesha kwamba njia ipo. Tope likashika magurudumu, maji yakajaa, nao wakaliacha gari na kurudi kwa miguu. Msomaji asiwacheke haraka. Mtu akisikia sauti tulivu isiyosita, huona haya kuipinga, hata macho yake yanapomwambia vingine.

5. Mu: kufika na kuingia

Turudi kwenye ukuta wa matofali. Kielekezi huhesabu kwamba umefika gari linapokaribia nukta ya mwisho. Lakini nukta ya nyumba mara nyingi huwekwa katikati ya paa, kama linavyoonekana kutoka angani, kisha huunganishwa na barabara iliyo karibu zaidi kwa kupima hewani, bila kujali ukuta, mfereji wala reli. Nyumba ikiwa na mlango upande wa mashariki na barabara iliyo karibu ikiwa magharibi, mgeni atapelekwa magharibi kila siku. Hospitali kubwa, soko na chuo kikuu huteseka zaidi, maana kitu chenye malango manne hupewa nukta moja.

Hapa gharama si muda peke yake. Kwa anayempeleka mgonjwa, lango la dharura na lango la jikoni ni mahali pawili tofauti, hata kama ramani inayaweka chini ya jina moja. Kufika pa hospitali si kuingia mu hospitali. Mlinzi wa lango, mama auzaye makala penye kona na kijana wa pikipiki wanalijua jambo hilo, na hadi leo wao ndio wanaomalizia kazi ambayo setilaiti iliianza.

6. Sauti inayoelekeza

Yafaa kusema neno juu ya sauti yenyewe, kwa kuwa ni lugha. Kero ya kwanza ni kuchelewa. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 kila sekunde. Vielekezi vingi hupima mahali mara moja kwa sekunde, vikalinganisha na ramani, ndipo vikasema. Kishazi kikikwisha, njia panda imeshapita. Kero ya pili ni matamshi. Sauti ya Kifaransa hulisoma u la Katuba na Kipushi kwa midomo iliyobanwa, na mzee asiyesoma ramani huenda asilitambue jina la mtaa aliouishi maisha yake yote.

Kero ya tatu ni ya ndani zaidi. Mtu wa kwetu akielekeza hasemi «baada ya mita mia tatu». Husema: «Ukifika ku terminus, uulize kwa mama wa makala.» Maelekezo yake yamefungwa kwenye vitu vinavyoonekana na watu wanaoulizika. Hata maneno ya pande yana mwili ndani yake: kulia ni upande wa mkono wa kulia chakula, na kuume ni upande wa -ume. Kaskazini na kusini yalitoka baharini, katika pepo za kaskazi na kusi zilizoendesha majahazi ya pwani. Bara hayana upepo wa kuyashika, na huenda ndiyo sababu hayasikiki sana midomoni mwa wanaoelekezana njia mitaani.

Hata hivyo kulia na kushoto peke yake hayatoshi. Msafiri atokaye Lubumbashi akivuka mpaka wa Kasumbalesa huacha nchi inayoendesha magari upande wa kuume na kuingia Zambia, ambako huendesha upande wa kushoto. Mzunguko wa njia panda uliokuwa ukizungukwa kinyume cha mishale ya saa sasa unafuata mishale hiyo. «Toka katika njia ya pili» ni amri ile ile, lakini mwili wa dereva unaitii kinyumenyume.

7. Hitimisho

Hatusemi kielekezi kitupwe. Kimewaokoa wengi usiku, na katika kutaja pa hakuna binadamu anayekishinda. Tunasema kwamba ku na mu hazionekani kutoka angani. Ni lazima zisemwe na wakaazi.

Lubumbashi yenyewe ni ushahidi. Mwaka 2014 shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, pamoja na wenzao, walianzisha mradi wa Missing Maps, unaotumia OpenStreetMap, ramani huru iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004. Mji wetu ulikuwa miongoni mwa ya kwanza kuchorwa. Watu wa kujitolea waliokuwa mbali walichora barabara na mapaa kutoka picha za setilaiti. Lakini picha haina majina. Ilibidi watu watembee mitaani wakiwa na karatasi, waulize na kuandika. Haja ilikuwa ya kitabibu: mgonjwa wa kipindupindu anapotaja mtaa wake, daktari hana budi kuupata mtaa huo kwenye ramani, la sivyo maji yaliyomdhuru yataendelea kuwadhuru majirani zake.

Kazi hiyo haijakwisha, nayo inawafaa wanafunzi wa idara zetu. Kukusanya majina ya mitaa pamoja na tahajia zake zote, kuandika jina la zamani kando ya jipya, kuonyesha lango liko upande gani na njia ipi hufungwa na mvua: haya ni matendo ya mwanaisimu kama yalivyo ya mchoraji ramani. Na dereva naye, kabla ya kuitii sauti, asione haya kusimama, kufungua dirisha na kumwuliza mpita njia. Mwandishi angalifanya hivyo mapema siku ile, angaliwahi kumsindikiza marehemu.